Jina la Simioni Lililofutwa Robanda

Nyangoto,
9 Machi 2011

Mwanangu mpendwa Sarah,

Amani ya Bwana ikukute mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi hapo maktabani. Mimi baba yako mkubwa sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalonitangazia mvua kabla haijanyesha. Mama yako alipita hapa Jumapili baada ya misa, akaniletea viazi vitamu pamoja na lawama kwamba nakula kama mgonjwa tangu mke wangu Wegesa alipofariki. Mahindi yameota vizuri. Kaburi la marehemu baba yako tumelifyekea majani na kulipaka chokaa upya. Naomba radhi kwa kukuandikia badala ya kupiga simu; masikio yangu husikia nusu ya simu, na jambo hili sitaki lisikike nusu.

Linahusu rafu yetu ya mtandaoni. Ulipokuja mwaka juzi kutufungia kompyuta katika chumba cha vitabu cha misheni, ulitufundisha jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoliona likifanya kazi. Ulisema kwamba maktaba yako ya Robanda na chumba chetu vitakuwa na rafu moja huko mtandaoni. Msomaji yeyote akikuta ukurasa wa manufaa auhifadhi pale, kisha aubandike neno lake mwenyewe, lile ambalo yeye angelitumia kuutafuta tena. "Baba Mkubwa, tafadhali usiwasahihishe," uliniambia. Nami niliyefundishwa na mapadre kupanga vitabu kwa namba, nilimeza mate nikatii.

Wasomaji wakabandika. Ukurasa wa mikataba ya ardhi wakauita "kabla hujatia dole". Ule wa sheria ya ndoa, "shemeji usome". Watu wa kwenu Robanda waliweka ule wa kufukuza tembo shambani kwa moshi wa pilipili, wakauita "tembo mkaidi", na vijana wa hapa wakacheka wiki nzima. Ukafuata ukurasa wa zebaki ya kukamatia dhahabu, ambayo huku tunaiita mekyuri. Unaeleza kwa Kiswahili chepesi jinsi moshi wake unavyomwingia mtu anapochoma dhahabu, mpaka mikono ianze kutetemeka. Huo akina mama waliubandika jina la baba yako: "Simioni".

Jana alikuja Agustina, mke wa Nyamhanga, yule Msabato mwenye shimo la dhahabu kule bondeni. Alikuwa na mtoto wake Nyangi mgongoni. Nyamhanga huchomea dhahabu yake jikoni, mlango umefungwa, majirani wasijue amepata kiasi gani. Wenzake Agustina walimwambia kisimani, "Nenda kwa mzee, andika Simioni, usome mwenyewe." Akaandika. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu. Akaandika tena kwa kidole kimoja, taratibu, nami nimesimama nyuma yake. Hakuna. Nikajaribu "kabla hujatia dole". Hakuna. Hata tembo mkaidi ametoweka.

Nilimweleza kwa mdomo yale niliyoyakumbuka. Alinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mzee, kisha akaenda zake kupika.

Nisamehe kwa kuuliza waziwazi. Ni nani aliyefuta maneno ya wasomaji wetu, na kwa nini hatukuambiwa?

Ni mimi baba yako mkubwa,
Erasto Mseti


Robanda,
2 Aprili 2011

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ilikaa Mugumu kwa mtu wa basi hadi wiki iliyopita, ndiyo maana nimechelewa. Huku tupo. Tembo wamemaliza mtama wa jirani yangu, na yeye ameapa kwamba mwakani atapanda pilipili tupu aone watakula nini. Nashukuru kwa kaburi. Mwambie mama nitamtumia dawa ya mgongo kwa mtu anayekuja Tarime.

Maneno niliyafuta mimi.

Rafu ilikuwa imeshakuwa vurugu. Zebaki, mekyuri, mekuri, dawa ya dhahabu: kitu kimoja, na kila msomaji ana lake. Tembo walikuwa na majina mengi kuliko tembo wenyewe. Mtu wa Dodoma akiingia kwenye rafu yetu atajuaje kwamba "kabla hujatia dole" ni mikataba ya ardhi? Nimepanga kurasa zote chini ya vichwa vya mada vinavyotambulika, kama tulivyofundishwa chuoni Bagamoyo. Hakuna ukurasa uliopotea. Anaoutafuta Agustina uko chini ya "Uchimbaji Mdogo: Afya na Usalama Kazini". Mwambie aandike hivyo.

Kuhusu jina la mtu, hatufanyi jina la mtu binafsi kuwa kichwa cha mada. Ni kanuni. Ningelifuta hata kama lingekuwa la mtu mwingine yeyote.

Mwanao,
Sarah


Nyangoto,
11 Aprili 2011

Mwanangu Sarah,

Nakutakia Kwaresima yenye utulivu. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, na mama yako anapalilia ingawa tumemkataza. Habari njema zimeishia hapo. Sasa naomba ruhusa yako niwe mkali, kwa maana nimekasirika, na kwa umri wangu hasira ya kimya inaumiza kifua.

Nilifanya ulivyoagiza. Nilimwita Agustina, nikaandika kichwa chako chote, pamoja na zile nukta mbili katikati, na ukurasa ukaja. Akausoma mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na Simioni yuko wapi?" Nikamwambia jina limeondolewa. Akaguna. "Kumbe ni kweli. Mume wangu aliniambia."

Unataka kujua mume wake anasema nini? Nyamhanga anatembea na habari hiyo sokoni, aliyoisikia sijui kwa nani. Anasema, "Si mmeona? Jina limefutwa Robanda, na aliyelifuta ni binti yake wa kumzaa. Angekuwa amekufa kwa mekyuri, mtoto angelifuta? Anajua baba yake alikuwa nani." Na watu wanatikisa vichwa, Sarah. Wanakubali. Akina mama wawili waliokuwa wamehamishia nje moto wa kuchomea dhahabu wameurudisha jikoni, kwa sababu mvua inanyesha na kwa sababu wewe umefuta.

Hukuwapo siku jina lile lilipobandikwa, nami kwa uzembe wangu sikukusimulia. Niruhusu nikusimulie sasa. Kezia, binti wa katekista, alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti: mgonjwa hutetemeka mikono, hushindwa kushika kikombe, husahau, hukasirika bila sababu, na watu humdhania amelewa. Kisha akasema, "Jamani, si Simioni huyu?"

"Simioni yupi? Yule mlevi?"

"Mlevi wa nini! Njoo usome, wewe mwenye macho."

Wakasoma mmoja baada ya mwingine. Halafu mama mmoja akasema, "Na sisi tulimnyima kiti arusini kwa Mama Kezia." Kezia aligeukia kompyuta akaandika jina.

Huku kwetu jambo huitwa kwa mtu aliyepatwa nalo. Njaa ya utoto wangu tunaiita kwa jina la mzee aliyegawa mihogo yake. Kivuko cha mtoni kina jina la mama aliyezama pale. Hakuna anayecheka anapoyataja. Mabango ya afya kazini tunayaona kila mahali, yenye picha ya mtu mwenye kofia ngumu asiyefanana na yeyote tunayemjua. Mikono ya Simioni, aliyechoma dhahabu miaka mingi, kila mtu hapa aliiona. Walimsimanga kwayo miaka yote ile, na siku walipomsafisha kwa vidole vyao wenyewe, mtoto wake akaja na kanuni ya Bagamoyo.

Samahani kwa neno litakalofuata, lakini nitaliandika. Nadhani ulimwonea aibu baba yako.

Erasto Mseti


Robanda,
20 Mei 2011

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini mama amepata dawa, na kwamba mapacha wa mbuzi wananyonya. Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka kwenye mtoto wa meza. Nimekaa nayo mwezi na zaidi kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika mambo ambayo mtoto haandiki kwa baba yake mkubwa. Leo nitayaandika.

Swali langu ni moja, na barua zako zote mbili zimelizunguka. Kwenye ukurasa ule, chini ya jina la baba, palikuwa na neno la pili. Uliliona au hukuliona?

Nitalitaja mimi, kwa kuwa wewe hutaki. "Mlevi."

Unajua nililikuta wapi? Ukutani. Walikuwa wamekuja wageni kutoka kambi za watalii kuona maktaba, na mimi kwa majivuno yangu nikawasha projekta niwaonyeshe jinsi wasomaji wa vijiji viwili wanavyosaidiana kutafuta habari. Nikafungua ukurasa wa Nyangoto. Simioni. Mlevi. Herufi kubwa kama ndoo. Na Orwa, mlinzi wetu, ambaye aliwahi kuchimba huko, akasema bila ubaya wowote, "Sarah, huyu si mzee wako?"

Nilizima. Walipoondoka nilifuta kila kitu, mpaka pilipili na tembo, ili isijulikane nilikuwa nalenga neno lipi. Kanuni niliitafuta baadaye. Ipo kweli, lakini niliitafuta baadaye.

Unaniambia walimsafisha. Nani alimsafisha? Siku ya wazazi shuleni Musoma, baba alikuja na shati jeupe. Matroni akampa chai, ikamwagika yote kifuani, wasichana wakacheka, na matroni akamwambia mbele yangu arudi siku nyingine akiwa ameamka. Hakuwa amegusa pombe. Alikuwa amekesha safarini. Hakuja tena shuleni. Kumbe ilikuwa moshi, na nimekuja kujulishwa na kompyuta niliyoifunga mwenyewe, chini ya tusi, mbele ya wageni!

Na wewe ulilisoma tusi hilo kila siku ulipofungua chumba. Kaka yake! Ulikuwa na kidole. Kwa nini hukulifuta?

Niambie ni nani aliyeliandika. Nipe jina lake, nami nitalirudisha la baba.

Sarah


Nyangoto,
30 Mei 2011

Mwanangu Sarah,

Mama yako amepata dawa na anakushukuru. Mapacha wanaruka. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena.

Neno nililiona. Nilipaswa kukuambia kabla hujalikuta ukutani, na kwa hilo nakuomba msamaha bila kuongeza sababu. Niliposema unamwonea aibu nilikuonea. Nalifuta hilo mimi mwenyewe.

Sasa kuhusu kidole changu. Ndiyo, ninacho, na hakuna siku ambayo hakikuniwasha. Lakini niliwaambia watu kwamba wakikaa kwenye kile kiti cha kompyuta sitagusa wanachoandika. Waliniamini. Wameandika pale maneno ambayo hawayasemi kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwenye maungamo. Kama ningefuta neno lililoniuma mimi, kesho yake angekuja mtu kunitaka nifute "kabla hujatia dole", kwa kuwa lilimuuma yeye, na ningemwambia nini? Nilimwacha ndugu yangu atukanwe ili mlango ule ubaki wazi. Huenda nilikosea. Lakini nilikosea nikijua ninachofanya, na ilinigharimu usiku na mchana.

Jina la aliyeandika sikupi. Nakuomba radhi, na sikupi. Aliyekaa pale ni msomaji wangu hata akiwa mtu mbaya. Nitakuambia tu kwamba mtu huyo hanywi pombe, hajawahi kuonja, na aliandika kwa kidole kimoja akikishikilia kwa mkono wa pili kisiruke. Fikiri mwenyewe kwa nini mtu wa namna hiyo angetamani sana Simioni awe mlevi.

Na nakuambia hili nikiwa na hasira ambayo sijaandika nayo barua tangu nizaliwe: usifanye biashara na mimi kwa jina la ndugu yangu. Mtoto wa Agustina amekuwa mnyonge, hanyonyi vizuri, na muuguzi wa zahanati amemuuliza mama yake juu ya moshi. Agustina akarudi kumwambia mumewe, mumewe akamjibu kwamba hata binti Simioni hakuamini. Wewe ndiye jibu lake, Sarah. Kila siku unayoshikilia jina lile, yule mtoto yuko jikoni.

Erasto Mseti


Robanda,
14 Juni 2011

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sina habari za kuandika. Mvua imekata.

Nimerudisha maneno yote kama yalivyokuwa. Vichwa rasmi nimeviacha pembeni yake kwa ajili ya mtu wa Dodoma. Vinaweza kukaa pamoja, laiti ningelifikiri hilo mapema. Neno lile lingine pia nimelirudisha. Nililikodolea macho kwa muda mrefu, halafu nikalirudisha.

Jina la mtu wako sihitaji tena. Ninalijua.

Mimi nami ni msomaji wa rafu ile. Chini ya hayo mawili nimebandika neno langu, kwa jina langu kamili: "baba". Mwambie Agustina leo hiihii, usingoje Jumapili.

Hasira yangu haijaisha. Nakuandikia nikiwa nayo.

Sarah


Nyangoto,
3 Julai 2011

Mwanangu Sarah,

Barua yako aliniletea mtu wa basi mkononi, Mungu ambariki, na sikungoja Jumapili. Nilikwenda mwenyewe bondeni na goti langu. Agustina alikuwa anatwanga. Nilimwambia, "Binti Simioni amelirudisha." Akaweka mchi chini, akamwita mumewe kutoka shimoni, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nyamhanga amenipa ruhusa kukuandikia yaliyofuata, ingawa aliitoa akiangalia pembeni.

Walikuja wote wawili chumbani. Kezia na wenzake walikuwapo. Agustina akaandika jina, ukurasa ukaja, akasoma yale maneno matatu yaliyobandikwa. Akageuka. "Simioni ni sawa. Baba kaandika Sarah. Huyu wa mlevi ni nani?"

Kezia akaangalia dari.

"Nauliza. Nani kaandika mlevi?"

"Si mtu tu," Nyamhanga akasema.

"Mtu gani?"

"Mama Nyangi, twende nyumbani."

"Siendi. Nyumbani kuna nini, moshi?"

Ndipo Nyamhanga akasema, "Mimi." Akasema kwamba mikono ilikuwa imeanza kumsumbua tangu mavuno ya mwaka jana, na aliposoma ukurasa ule alihisi ardhi inazama. Kama Simioni alikuwa mlevi, basi yeye asiyekunywa alikuwa salama. Hivyo akamfanya mlevi.

Akanigeukia. "Mzee, nakuomba unifutie."

Nilimwambia samahani, neno si langu.

Alikaa kwenye kiti. Kile kishale cha kompyuta kilikuwa kinapita neno, kinarudi, kinapita tena, kama inzi asiyetaka kutua. Alifungua ukurasa mwingine kwa bahati mbaya, akarudi. Agustina akanyoosha mkono amsaidie nami nikamzuia, Sarah. Nilimzuia mwanamke asimsaidie mume wake. Sijui kama huo ulikuwa uadilifu wa mtunza vitabu au ni kisasi cha kaka, na padre nitakayemwambia atanisaidia kutenganisha. Mimi nilikaa kando yake nikaangalia, na nilitaka aone aibu kila mara kile kishale kilipokosea. Hatimaye neno likaondoka. Hakuna aliyepiga makofi.

Akauliza kama mikono itatulia akiacha kuchoma sasa. Nilimsomea sehemu hiyo: wengine hupona, wakiwahi. Agustina amempeleka mtoto kwa mama yake kule Nyarero, na Nyamhanga ataonana na daktari Tarime. Jiko la kuchomea limetolewa nje, na wameanza kuulizia kile chombo chenye mfuniko kinachorudisha mekyuri chini isiruke hewani. Wale akina mama wawili nao wametoa moto wao nje tena.

Jambo la mwisho. Wazee wa jumuiya waliomnyima baba yako kiti arusini walinijia jana wamevaa makoti. Wanataka niwaandikie barua ya kukuomba radhi, kwa kuwa mimi, walisema, najua maneno. Nimewahi kuwaandikia barua za posa, za mashamba na za misiba, na sijawahi kuwakatalia. Hii nimeikataa. Nimewaambia basi la Mugumu linaondoka asubuhi, na kutoka hapo Robanda si mbali.

Kwa hiyo ukiwaona wanashuka, tafadhali usikimbie kuwapokea. Kaa ndani ya maktaba yako, endelea na kazi. Waache wasimame barabarani, wamuulize kila mtu wa Robanda, kwa sauti, ilipo nyumba ya binti Simioni.

Baba yako mkubwa,
Erasto Mseti